Folda ya Migongo

Jumamosi ile niliamka na hali nzuri, nikaoka mkate wa iliki, nikaufunga kwa taulo ukiwa bado wa moto na kuupeleka kwa dada yangu Marlys. Theluji ilikuwa imekoma. Majirani walikuwa nje na makoleo yao wakisafisha njia, na kila niliyempita alinusa taulo langu na kuniuliza kama yeye nimemsahau. Siku ya kawaida kabisa. Hapa kwetu watu wanaosimulia mambo kama haya hupenda kuanza na mbwa waliobweka na kunguru waliotua juu ya paa. Mimi sikuona mbwa wala kunguru. Nilikuwa na mkate, na nilikuwa na hamu ya kahawa.

Marlys alikuwa jikoni, amejikunyata kwenye kiti karibu na jiko la kuni, blanketi mabegani. Ni mkubwa wangu, na maisha yake yote amekuwa mwanamke wa kupasua kuni zake mwenyewe na kumcheka mwanamume anayetaka kumsaidia. Lakini tangu majani yalipopukutika alikuwa akipungua tu. Hospitali kubwa walimpima damu, wakampima moyo na mapafu, wakamwambia hana ugonjwa wowote. Hana ugonjwa wowote, na kikombe cha kahawa alikishika kwa mikono miwili.

Mimi nilijua ana nini. Alikuwa amekwenda kwa Impi Kallunki kuumikwa.

Babu zetu Wafini walipokuja kuchimba shaba kando ya Ziwa Superior hapa Marekani walileta sauna, vyumba vya kuogea mvuke, na pamoja na sauna wakaleta wanawake wa kuumika. Unaingia kwenye mvuke, ngozi inalainika, kisha mwanamke huyo anakuchanja mgongoni na kukubandika chuku za pembe za ng'ombe zifyonze damu mbaya. Bibi yangu aliumikwa, mama yangu aliumikwa, wakaishi hadi uzee. Lakini Impi alikuwa wa mwisho wa wanawake hao, na Impi alikuwa habari nyingine. Mtu aliingia kwake na bega linalouma, akatoka bega limepona, halafu akaanza kunyauka. Impi yeye alizidi kunawiri. Rika lake lote lilikuwa makaburini, na yeye alipanda ngazi kupaka nyumba yake rangi.

Ndiyo maana hakuna mtu mjini aliyepokea kitu kutoka mkononi mwake. Akikunyooshea sahani kwenye chakula cha kanisa, unamwambia, "Weka tu hapo mezani, Bibi Impi," halafu unajifanya umesahau. Watoto walifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kufunga viatu. Uchawi wa namna ile haumwachii mwenyewe afe mpaka apatikane wa kurithi mikoba, na kurithi hakuhitaji sherehe. Ni kupokea tu.

Nilimkataza Marlys asiende. "We Arlene," akaniambia, "unaonea wivu hata bega langu?" Akaenda. Alichopokea hakikuwa sahani, kilikuwa chuku mgongoni.

Sasa kibibi Impi kilikuwa kimelala nyumba ya wazee tangu mwanzo wa baridi. Hakikula wala hakikunywa, na neno kilikuwa nalo moja tu. Kila aliyeingia chumbani alinyooshewa mkono mtupu na kuambiwa, "Chukua." Madaktari walisema hatamaliza wiki. Wiki ilikwisha, nyingine ikaja, na kifua kile kiliendelea kupanda na kushuka. Wauguzi walikuwa wakimbadilishia shuka huku wakitazama pembeni.

Basi tulikuwa hatujakata hata kipande cha pili cha mkate, mlango ukagongwa, akaingia Verner, mtoto wa pekee wa Impi. Ni bwana mnene, mpole wa uongo, anayeishi mji wa pili na kuonekana kwetu siku za mazishi. Alikuwa amebeba kapu la nguo chafu. Ndani ya kapu mlikuwa na kompyuta.

"Rudy yupo?" akauliza.

Rudy, mume wa Marlys, alitoka gereji akifuta mikono. Huyo ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta wa mji mzima. Alikuwa na sauti kubwa na roho nyeupe, na ukitaka kumchokoza mwambie tu kwamba kitu fulani hakiwezekani.

"Ni ya mama," akasema Verner. "Nataka kuwapa watu wa kanisa. Nimefuta kila kitu, imebaki folda moja. Haifutiki, bwana. Hata jina haikubali kubadilishwa."

"Itoe nje," nikasema mimi.

"Arlene, mama yuko kitandani anakufa, na bado unamchukia."

"Hafi. Hilo ndilo tatizo lake. Na wewe mwenyewe sikupendi, kwa hiyo toka na kapu lako."

Rudy akacheka. "Shemeji, acha ugomvi na mashine. Lete hapa, Verner. Folda isiyofutika sijawahi kuiona."

Gereji ilikuwa baridi mno, hivyo akaiweka mezani pale jikoni, akausogeza mkate wangu pembeni. Verner akaketi mbali, karibu na mlango, bila kuvua glavu. Nilimmiminia kahawa kwa sababu mama yangu alinilea vizuri. Aliinywa na glavu zake hivyo hivyo.

Kwenye skrini kulikuwa na folda moja tu, katikati. Iliitwa "Migongo", kwa Kifini cha wazee. Rudy akaibofya, akabonyeza kufuta. Ujumbe ukatokea: *Unahitaji ruhusa kutoka kwa Impi ili kubadilisha folda hii.*

"Hilo la kawaida," akasema Rudy. Akajaribu kuibadilisha jina. Akaandika "Takataka", akabonyeza. Jina likakaa muda mfupi, kisha likarudi "Migongo". Akaandika tena. Likarudi tena, safari hii kabla hajainua kidole. Akaifungua kompyuta katika ile hali ya matengenezo mafundi wanayoijua. Akafungua dirisha jeusi na kuandika amri zake. Jibu likawa lingine: *Folda hii iko wazi mahali pengine.*

"Wapi?" akauliza Rudy, kwa utani. "Hata mtandao sijaunganisha."

Akaichomoa diski, akaiunganisha kwenye kompyuta yake mwenyewe na kuifuta yote, kila kilichomo, mpaka mashine ikasema diski ni tupu. Alikuwa anatabasamu alipoifungua. Tabasamu likamfia mdomoni. Diski ilikuwa tupu kweli, ila katikati yake kulikuwa na folda.

Ndipo Marlys alipoinuka kuja kutazama. Zile folda za picha huonyesha kidogo kilichomo, mnajua, kijipicha kinachochungulia kama kitambulisho kwenye mfuko wa shati. Hii ilikuwa inaonyesha mgongo wa mtu. Mgongo mtupu, wenye alama za duara nyekundu zilizopangwa pande mbili za uti, na chini ya bega la kushoto doa jeusi la kuzaliwa.

"Huo ni mgongo wangu," akasema dada yangu.

Sote tuliujua. Mimi nimelala kitanda kimoja na mgongo ule utoto wangu wote.

Verner aliweka kikombe chini taratibu. "Mama alikuwa anawapiga picha," akasema. "Baada ya kuumika. Kila mtu. Alisema ni kumbukumbu ya kazi."

"Na wote waliomo humo wakoje sasa?" nikamuuliza. "Tutajie mmoja tu mwenye afya, Verner. Mmoja."

Akatazama glavu zake. "Labda picha yake ikitoka," akasema, "atapata nafuu. Sijui. Mimi mambo haya siyajui."

Rudy alikuwa amebadilika rangi. Yule si mtu wa kuamini uchawi, lakini alikuwa amemtazama mkewe akiyeyuka mbele ya macho yake, na mtu wa namna hiyo huamini chochote. Alikwenda gereji, akarudi na nyundo, akaiweka diski juu ya kibao cha kukatia nyama. Nikafurahi. Nikasema moyoni, ivunje, ivunje sasa hivi.

Akapiga mara moja.

Marlys akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu. Alianguka kwa magoti, ameshika mgongo. Tulimfunua blanketi na shati. Katikati ya uti palikuwa pameshaanza kuvimba, pekundu, pana kama uso wa nyundo. Diski haikuwa na hata mkwaruzo.

Tukamlaza kwenye kochi. Alikuwa analia bila sauti. Mimi nilianza kumtukana Verner, matusi ambayo sitayarudia. Yeye alikaa tu. Rudy alikuwa ameiunganisha tena diski, amesimama mbele ya skrini, mikono kiunoni.

"Nimekuwa mjinga," akasema. "Jibu lipo toka mwanzo. Mwenye folda ni Impi. Nikiingia kwenye usalama wake, nikamtoa Impi, nikajiandika mimi kuwa mmiliki, ninafuta ninachotaka. Nafanya hivi kila wiki, mtu akifariki familia ikashindwa kufungua vitu vyake."

Nilisogea mezani. "Usijiandike, shemeji."

"Ni kompyuta, Arlene."

"Kuna kitu cha yule bibi ambacho mtu wa mji huu amewahi kukipokea?"

"Sipokei kitu mkononi mwa mtu. Naandika jina langu kwenye kisanduku." Akanigeukia, na uso wake ulikuwa na huruma tupu. "We unataka nimwache hivi?"

Nikamtazama dada yangu pale kochini. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Fanya, Rudy," akanong'ona. "Nimechoka."

Hapo ndipo fundi alipokosea, na lilikuwa kosa la fundi hasa. Mtu mwingine yeyote wa mji wetu angeogopa. Yeye mkono wake ulikuwa umezoea.

Alifungua dirisha. Mmiliki: Impi. Akabonyeza badilisha. Feni ya kompyuta ikaanza kuvuma. Akaandika jina lake. Ikavuma zaidi. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka sawasawa, jua la theluji lilikuwa limejaa dirishani, na mimi nywele zilinisimama. Verner alikuwa ameinuka. Alikuwa na mkono kwenye kitasa cha mlango.

Rudy akabonyeza ndiyo.

Majina ya faili yakaanza kupita. Yalipita haraka, moja juu ya jingine. Niliona jina la aliyekuwa mwalimu wangu. Niliona la mchungaji aliyekufa. Niliona ya watu niliowapikia chakula cha msiba. Yakapita. Yakapita. Yakakoma.

Feni ikanyamaza.

Folda ikafunguka yenyewe. Migongo. Skrini nzima ya migongo, myembamba na minene, ya wazee na ya wanawali, hakuna uso hata mmoja. Rudy akautafuta ule wenye doa jeusi, akaufuta. Ukaondoka bila kelele, kama picha yoyote.

"Arlene," akaita Marlys kutoka kochini. "Kuna mkate umebaki?"

Alikula nusu ya mkate. Alikula akiwa amesimama, siagi mpaka kidevuni, anacheka. Rudy alimkumbatia akalia kama mtoto, na mimi nikalia pamoja nao, na nilifurahi sana, siwezi kusema uongo. Nilipogeuka kumtafuta Verner hakuwepo. Alikuwa ameacha kapu.

Baadaye mchana akina mama wa kanisa walinipigia wakiniomba nioke kwa ajili ya mazishi. Impi alikuwa amefariki asubuhi ile. Siku chache baadaye muuguzi aliyekuwepo aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya chini, tukiwa tumesimama kwenye foleni ya posta. Kibibi kilikuwa kimenyoosha mkono kama kawaida. Ghafla vidole vikafumbuka kimoja kimoja, kama mtu aliyepokewa mzigo. Kikatabasamu. Kikafa.

Na kwenye mazishi nikajua jambo lingine. Nilimsikia bwana mmoja akimpa Verner pole na kumuuliza kama bado yuko kwenye kazi yake ile ya kompyuta katika kampuni ya umeme, aliyoifanya tangu ujana. Yule mnene, "siyajui mambo haya"! Alijua vizuri kabisa ni kitufe gani. Alikijua ndiyo maana hakukigusa. Nilimfuata mpaka kwenye gari.

"Ulijua," nikamwambia.

"Alikuwa ananiita kila siku," akasema. Hakunitazama. "Kila siku, Arlene. Mtoto wake ni mimi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilimtemea mate kwenye kioo. Akaondoka, na hajaonekana tena kwetu, hata siku za mazishi.

Picha zilizobaki Rudy hakuweza kuzifuta. Alipojaribu, ujumbe ulikuja: *Unahitaji ruhusa kutoka kwa Rudy ili kubadilisha folda hii.* Mwanzoni alicheka. "Rudy ndiye mimi," akaiambia mashine. Akajipa ruhusa zote zilizopo. Ujumbe haukubadilika. Kisha kicheko kikapungua, kisha akaacha kucheka.

Marlys alinawiri. Mashavu yakarudi, akawa anapasua kuni tena. Lakini nafasi aliyoiacha kwenye folda haikukaa wazi. Mzee mmoja wa karibu, anayeitwa Sulo, alileta kompyuta yake isafishwe. Siku chache baadaye Rudy alifungua "Migongo" akakuta mgongo mpya mahali pale pale ulipokuwa wa mkewe. Mgongo wa mzee, wenye kovu la upasuaji ambalo sote tulilijua. Sulo hakuwahi kumvulia Rudy shati. Hakuwahi kupigwa picha. Kabla barafu haijayeyuka ziwani, Sulo alikuwa hawezi kunyanyua kijiko.

Baada yake alikuja mwingine aliyeleta kompyuta, na mwingine. Rudy akafunga kazi. Aliandika kwenye mlango wa gereji kwamba hapokei mashine ya mtu. Haukupita muda, nikafika asubuhi moja nikamkuta Marlys amekaa karibu na jiko, blanketi mabegani, kikombe mikono miwili.

"Umerudi," Rudy akaniambia barazani, kwa kunong'ona. "Mgongo wake. Umerudi kwenye folda. Nikikosa kuipa mwingine, inamchukua yeye."

"Kwa hiyo utafanya nini, shemeji?"

"Kufungua kazi siwezi. Siwezi, Arlene. Sulo alinifundisha kuvua samaki."

Alichofanya alikifanya Jumamosi, saa watu wanapooga. Aliwasha sauna, akaingia peke yake. Kutoka dirisha la jikoni kwao nilimwona akitoka na taulo kiunoni, anafuka mvuke kwenye theluji. Kamera alikuwa ameiweka juu ya rundo la kuni. Akaipa mgongo. Akasimama wima, mikono imening'inia, mpaka ilipomaliza.

Jioni hiyo Marlys alikula chakula chake na cha mumewe.

Nilimpenda shemeji yangu kuliko nilivyowahi kumwambia. Alinyauka kwa mwaka mzima. Wakampeleka nyumba ya wazee ingawa hakuwa mzee, na alipofika mahali ambapo mtu mwingine yeyote angekufa, hakufa. Nilikwenda kumwona siku ya jua kali, madirisha yote wazi. Alikuwa mifupa na macho. Mkono wake wa kulia uliinuka kutoka kwenye shuka, ukaninyookea, ukiwa mtupu.

"Chukua," akasema.

Nikarudi nyuma. Yeye alikuwa analia. Mkono ulikuwa unanifuata, na mwenyewe alikuwa anauvuta kwa mkono wa kushoto bila kuuweza.

"Usichukue, shemeji," akanong'ona. Kisha kwa sauti ile nyingine: "Chukua."

Nilikimbia. Sina la kusema zaidi.

Marlys alinifuata nyumbani kwangu kesho yake. Alikuwa amependeza. Nywele amezitengeneza, mashavu mekundu, hata mikunjo ya shingoni ilikuwa imepungua. Hakuketi.

"Anateseka," akasema. "Wewe unafanya kazi na kompyuta pale shuleni, unajua pa kubonyeza. Kompyuta iko mezani, imewashwa. Njoo umpokee."

"Nimpokee nini? Sema kwa jina lake, nisikie."

"Huna mume. Huna mtoto. Utapoteza nini, Arlene?"

Dada yangu huyo. Tuliolala kitanda kimoja. Sikuwahi kujua mtu anaweza kuumia namna ile bila kuguswa.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Ni mumeo. Amejimaliza kwa ajili yako. Chukua wewe."

"Mimi hata pa kubonyeza sijui."

"Ah, hujui! Mbona rahisi? Bofya kulia. Ingia kwenye sifa, halafu usalama, halafu mmiliki. Toa la Rudy, weka la kwako. Hata ng'ombe angeweza. Haya, nenda!"

Nilisema kwa hasira, kumkomoa. Alinitazama. Midomo yake ilitikisika kidogo, kama anarudia kitu asikisahau. Kisha akafunga vifungo vya koti na kuondoka, na mlango akaufunga taratibu.

Rudy alikufa asubuhi iliyofuata. Alikufa kwa amani, walisema. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya kifua, vidole vimefumbuka.

Kanisa lilijaa. Tulikaa tukiangaliana kwenye viti, maana kila mtu mjini alijua maana ya kufa kwake, na hakuna aliyeuliza kwa sauti ni nani aliyepokea. Marlys alisimama mlangoni akipokea pole. Watu walimpa mkono haraka haraka. Sulo hakuwa na nguvu za kuja. Ilipofika zamu yangu nilinyoosha mkono, lakini yeye aliupita, akanikumbatia.

Alinikumbatia kwa nguvu. Mkono wake mmoja ulipanda mgongoni kwangu juu ya koti, taratibu, kidole kikihesabu uti pingili kwa pingili. Kilifika chini ya bega. Kikasimama. Kikabonyeza, kikasogea kidogo, kikabonyeza tena.

"Umekakamaa hapa, mdogo wangu," akaninong'oneza sikioni. Pumzi yake ilikuwa na joto la mvuke. "Njoo Jumamosi. Nitakuwashia sauna."

Nilitembea hadi nyumbani, nikafunga mlango, nikavua. Koti langu zito halikuwa na kitu. Gauni jeusi halikuwa na kitu. Shimizi, lililokuwa limegusana na ngozi, lilikuwa na duara la damu mgongoni, limekauka, ukingo wake umekatika sawasawa kama wa chuku. Nilisimama kati ya vioo viwili nikajitazama muda mrefu. Mgongo wangu haukuwa na mchubuko, haukuwa na chale.

Nimelifua shimizi kwa maji baridi, kwa chumvi, kwa magadi. Duara limebaki. Kesho ni Jumamosi, na simu inaita tangu asubuhi.